Teleka, Sola

Siku ile mjinga alikuwa Jules, na tusilipindishe neno hilo kwa kuwa yeye mwenyewe hakulipindisha. Alilikubali papo hapo, angali amesimama nyuma ya jabali, viganja vimekunjwa mdomoni kama tarumbeta, akimtazama mke wa kaka yake akiingia ziwani na viatu vyake, na kitenge chake, na mkoba wake begani, kwa mwendo wa mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake.

Ila ujinga ni kama mshono mbaya: hauanzi pale nguo inapochanikia. Jules alikuwa fundi cherehani katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na hilo alilijua kuliko wengi. Alijulikana vilevile kwa ulimi wake. Akikupima kiuno atakuuliza umenenepa kwa maharagwe ya nani, akimshonea bwana harusi suruali humwachia nafasi, "ya kitambi kinachokuja." Tangu Baraka, mji wao wa pwani ya ziwa, mpaka Malawi maisha yalikuwa yamemzaba makofi kwenye mashavu yote mawili, naye akaamua kuyasikia kama makofi ya kushangilia.

Na katika wote aliowatania, hakuna aliyemtania kwa haki kama Solange. Solange alikuwa mke wa Valentin, kaka yake mkubwa, na kwao Fizi mdogo wa mume ana ruhusa ambayo hata padri hana. Humwita shemeji yake "mke wetu", humkosoa chumvi, humdai chakula kama mwenye nyumba. Solange naye hakuwa mtu wa kubakisha. "We Jules, kama mi ni mke yako, leta basi makaa!" Hapo Jules mwenyewe alicheka mpaka akatema pini.

Valentin hakuwapo kusikia. Siku walipokimbia Baraka kwa kuvuka ziwa, wanawake na watoto walipanda boti la kwanza, wanaume na mizigo la pili. La kwanza lilifika Kigoma. La pili halikufika, wala halikurudi, wala halikuacha ubao wala kiatu. Jules hakuwa katika lolote kati ya hayo. Yeye alitokea baadaye sana, kwa njia ya nchi kavu, akamkuta shemeji yake anamngoja mtu mwingine.

Anamngoja hata sasa, na nani wa kumlaumu? Dzaleka ni mahali ambapo wafu hurudi. Mrundi mmoja, Ndikuriyo, aliwahi kufanyiwa matanga kamili, na nyimbo, na wali. Siku ya kuyaondoa akashuka kwenye lori mbele ya kanisa, akapanga foleni ya chakula, akala, ndipo akauliza kafa nani. Basi kila wazee wa ukoo walipomshauri Solange wamalize msiba wa Valentin ili naye awe huru, Solange aliwajibu kwa neno moja: "Ndikuriyo." Wazee wakavaa kofia zao, wakaondoka.

Hapo ndipo akaja Balagizi.

Balagizi alikuwa mtu wa Uvira, mgane, jirani yao wa zamani kambini aliyepata bahati ya kupelekwa Kanada na sasa amerudi kutembea. Alikuwa na Solange moyoni tangu zamani, na kwa kuwa hakujaliwa maneno, alisema kwa gari. Alikodi kule Lilongwe gari la kulala ndani, refu, jeupe, lenye kitanda, jiko na beseni la kunawia, akaliingiza Dzaleka jua likiwa utosini. Watu wakaacha sokoni nyanya zao wakaja kulitazama.

"Sisi tulikimbia tukaacha nyumba," Jules akatangaza, akilizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Bazungu bao banakimbia nayo!"

Watu wakaangua kicheko, na Solange pamoja nao. Balagizi akaona mlango umefunguka kidogo. Akasema taratibu kwamba angependa kumpeleka ziwani, upande wa Salima, akaone visiwa. Na Jules awepo, maana haifai mke wa mtu asafiri na mwanamume mwingine bila ndugu wa mumewe. Solange hakuwa ameliona ziwa lolote tangu siku ya maboti mawili. Alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Nitaenda," akasema mwishowe. "Na kule njo nitakupa jibu. We na bazee."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Jioni ile Fidès, mke wa Jules, alimwona Solange akitoa sandukuni shati la bluu la Valentin, nguo pekee ya mumewe iliyovuka naye, akalikunja na kulitia mkobani. Katika ukoo wao, aliyepotea bila kaburi huagwa kwa nguo yake. Ikishatiwa majini, matanga yamekwisha. Fidès alimnong'oneza mumewe aliyoyaona.

"Ni vizuri," Jules alisema. Kisha akashona suruali ya mteja ndani nje, mguu mzima, bila kugundua.

Walisafiri na vibali vyao vya kutoka kambini vikiwa vimekunjwa vizuri kifuani. Lilongwe walisimama kwenye soko la Chilinde kununua mkaa, unga na vitunguu. Solange alibishana bei na muuza nyanya kwa Kichewa cha kuungaunga mpaka mama yule akamwongezea mbili kwa kuchoka. Kwenye kizuizi cha barabara ya Salima askari aliingiza kichwa dirishani, akauliza wanakwenda wapi.

"Likizo, bwana mkubwa," Jules alijibu. "Sisi ni wakimbizi. Tumechoka kukimbia, leo tunatembea."

Askari alicheka, akawainulia mti. Usiku ule, ufukoni, Solange alilala ndani ya gari, wanaume wakalala katika hema lililoegemezwa ubavuni mwake, na Jules akalalamika kwa sauti ya kusikika hadi ndani kwamba mtu aliyelala kambini maisha yake yote, akipelekwa mapumzikoni, analazwa hemani.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa ndani ya bakuli. Walikodi mashua ya injini ya mvuvi mmoja wa pale, mzee mwenye shati lililochanika kwapani, na Jules akamwahidi kwamba wakirudi salama atamshonea kiraka cha bure. Solange aliketi katikati, mikono yake miwili imeshika ubao. Hakuna aliyemwambia asiogope. Walipofika mbali na ufuko, kidole kimoja kikaachia ubao, kisha cha pili, na mwishowe mkono wake mzima ukawa unaburuzwa majini.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa cheupe pe kwa mavi ya ndege. Minandi walikaa juu ya miti mikavu wameanika mabawa kama kanzu, na kenge mmoja mnene akatoka katikati ya mawe, akamkazia macho Solange bila haya.

"Mke wetu, umuone yule," alisema Jules. "Mposaji mwingine. Balagizi, jihadhari, mwenzako iko na kisiwa yake tayari."

Solange alicheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha sokoni, cha kumlipa mtu aliyemtania. Kilitoka chini tumboni, kikamshika mbavu, kikamkalisha juu ya jiwe chafu na kitenge chake kizuri. Balagizi alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa ardhi akaambiwa alime. Na Jules, ambaye ndiye aliyekileta kicheko kile, alihisi kitu kidogo chenye ncha kikimchoma mahali asipopajua. Akadhani ni njaa.

Kisiwa cha pili kilikuwa cha majabali, makubwa kama nyumba, yamelaliana ovyo kama yaliyotupwa na mtu mwenye hasira. Waliwasha mkaa kwenye kivuli, wakala nsima, ugali wa huko, na samaki wa kuchoma. Solange alikula vizuri. Alipomaliza alinawa, akatazama ng'ambo kulikokuwa na milima hafifu, ya rangi ya moshi.

"Maji iko sawasawa na ya kwetu," alisema. "Ni milima tu njo ilikosea fasi."

Kisha akauvaa mkoba begani. "Muniache kidogo."

Alishuka mpaka kwenye mwamba ulioingia majini. Balagizi alibaki mkaani akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Jules alisema anakwenda kujisaidia, akapanda nyuma ya majabali, na alipotokeza kwenye ufa kati ya mawe mawili, akamwona shemeji yake chini yake, karibu kuliko alivyotarajia. Shati la bluu lilikuwa mapajani mwake. Alikuwa analinyoosha ukosi kwa kidole gumba, taratibu, jinsi unavyomnyooshea mtu anayekwenda safari ya heshima na hutaki akachekwe.

Macho ya Jules yakaloa, naye alikuwa mtu ambaye machozi yakimkaribia anajua njia moja tu ya kuyakimbia.

Huko Baraka, Valentin alikuwa mchuuzi wa dagaa, akivuka kila wiki kutoka rasi ya Ubwari. Boti lake likikaribia pwani, hata kabla sura za watu hazijatofautiana, alisimama mbele akaita juu ya maji: "Solaa! Teleka!" Na Solange huyo, mbio, kutia sufuria motoni, huku pwani nzima ikicheka. Jules alikuwa kijana tu, lakini sauti walikuwa wamegawiwa moja. Mara ngapi alijificha nyuma ya mitumbwi akaita hivyohivyo, Solange akateleka bure, kisha akamfukuza ufukoni na mwiko mkononi! Ulikuwa utani wao wa kwanza, ndio uliozaa mwingine wote.

Akakunja viganja.

"Solaa! Teleka!"

Mawe yaliipokea sauti, yakaitia unene, yakaitupa mbali, hata ikawa kana kwamba haikutoka kisiwani. Ilitoka majini.

Jules akangojea mwiko.

Solange alisimama wima, shati likamwanguka mwambani. "Nateleka!" akaitika, na aliyeitika hakuwa mama wa Dzaleka mwenye kubishania nyanya. Alikuwa binti. "Val, niko nateleka! Uko wapi? Kuya!"

Akaingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, mkoba ukaelea nyuma yake kama bata. Yalipomfika kifuani bado alikuwa anaitika. Balagizi alirusha makaa na sahani, akakimbia. Mwenye mashua akajitosa kwa upande wake. Jules aliteremka majabali kwa makalio na viwiko, akipiga kelele, "Ni mimi! Shemeji, ni mimi!"

Solange akageuka.

Alimwona mwanamume anashuka kwenye mawe, mwenye paji la uso lile na mabega yale, na uso wake ukafunguka. Ulifunguka wote, kama dirisha lililosukumwa kwa mikono miwili. Jules hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote maishani, wala hakuwa na haki ya kutazamwa hivyo. Kisha akatambuliwa.

"Aa," Solange alisema. "Ni we."

Hakupiga kelele, hakutukana. Walimtoa wakamketisha juani. Baada ya muda alinyanyuka, akaliokota shati la Valentin mwambani, akalivaa juu ya nguo zilizoloa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akamgeukia Balagizi, aliyekuwa ameungua mkono kwa makaa na bado hajajua.

"Unisamehe, kaka. Leo sina jibu."

Kwenye kizuizi askari alikuwa yuleyule. Alimtambua Jules, akaanza kutabasamu kabla gari halijasimama. "Ee, mkimbizi! Mmechoka kutembea?" Jules alifungua mdomo. Ulimi ule uliokuwa haujawahi kukosa safari ulilala tu, mzito, kama samaki chini ya mashua. Akatoa kibali chake, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Siku zilizofuata alishona bila kusema, na wateja wakaanza kuuliza kama anaumwa. Alhamisi ilipofika hakuweza zaidi. Akaenda Lilongwe, mpaka mtaa wa Biwi, kwenye uwanja wa nyumba ambamo Balagizi alikuwa amefikia kwa ndugu zake. Alimkuta analiosha gari apate kulirudisha, kitambaa kimefungwa mkononi palipoungua.

"Nilitania tu," Jules alisema. Hakuwa hata amesalimia.

Balagizi aliendelea na tairi. "Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Kule juu, kwenye ufa. Mi nilikuwa nakutazama kabla hujaita." Akakamua sifongo, akalitazama povu likishuka. "Ulikuwa unalia, Jules. Mtu wa kutania halii kwanza."

Kuku walipita kati yao wakichokoa maji machafu.

"Sina hasira na we," Balagizi akasema. "Nilijua nashindana na batu. Sikujua nashindana na ziwa. Ndege yangu ni kesho. Hapa kwangu unatafuta nini? Nenda kwake."

Njiani kurudi Jules alikaa dirishani, mahindi makavu yakipita pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza akaufungua mshono wake mwenyewe. Hakutaka shati lile liloe. Hilo ndilo lilikuwa ndani. Mbele ya wazee alikuwa anatikisa kichwa pamoja nao: ndiyo, aachiwe, ni haki yake, bado kijana. Lakini maadamu Solange anangoja, Valentin yuko njiani, na Jules ni mdogo wa mtu. Miaka yote shemeji yake aliubeba mzigo wa kungoja kwa niaba ya wawili. Yeye alijichukulia kazi nyepesi, ya kuchekesha. Na siku Solange alipotaka kuutua mzigo, aliyemtwika tena ni yeye Jules, kwa sauti ya mwenye mzigo.

Alipofika Dzaleka alimchukua Fidès, na Fidès akachukua kuku, kwa kuwa kwao msamaha hauombwi mikono mitupu wala bila shahidi. Solange alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharagwe. Aliwatazama wote watatu, akaanza na kuku.

"Huyu yeye amekosa nini?"

"Yaya, tumekuja kuomba msamaha," Fidès alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima, magoti yamekunjwa.

"Msamaha nilishatoa kwenye mashua. Mufungue huyo miguu, anaumia."

Fidès akamfungua kuku, ambaye alijitikisa na kwenda moja kwa moja kwenye maharagwe. Jules alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa matusi; alikuwa na majibu ya matusi. Hili la kusamehewa mapema lilimwacha bila pa kushika.

"Basi mpigie Balagizi simu," akasema. "Anaondoka kesho."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ndiyo. Au mwambie angoje. Usimwache aende kwa sababu ya ujinga yangu."

"Haendi kwa ujinga yako. We unajipa ukubwa."

"Shemeji, nisikilize." Akachuchumaa, macho yao yakawa sawa. "Sikutania. Niliona lile shati, nikaona unamwacha, nikashindwa. Mi njo nilikataa afe. Nilikufanya we umngoje ili mi nipate kucheka."

Mikono ya Solange ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea.

"Hilo nilijua. Kila Pasaka nani anakuja kuniuliza kama nimesikia habari? Bazee?"

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Kulikuwa na fasi kwa wawili."

Jules alijifuta uso kwa kiganja. Haya ikamgeukia kuwa hasira, kama inavyowatokea watu wasioizoea, na sauti ikapanda hata jirani akachungulia.

"Basi mi nimetoka! Umenisikia? Mi nimekubali, kaka yangu amekufa, na we ukubali! Kule kisiwani hakukuwa mtu. Yeye hakuita. Niliita mi, kwa mdomo huu, nyuma ya jiwe, kama mwenda wazimu. Utamwachilia mwanamume mzima aende zake kwa kitu kisichokuwako? Solange, haikuwa yeye. Ilikuwa sauti tu!"

Solange aliweka ungo chini. Akamsukuma kuku kwa upande wa mguu, taratibu, akamtazama shemeji yake bila hasira yoyote.

"Na mi," akasema, "miaka yote hii nilikuwa namuomba Mungu nini, kama si sauti tu?"